Uchambuzi wa kisa: kadi za matangazo za enzi ya Wajerumani ndani ya boksi la karafuu

Usuli

Biashara moja ya viungo katika mji wa pwani ya Afrika Mashariki, yenye wafanyakazi wapatao thelathini, iliamua kutengeneza boksi la zawadi la kuuzwa hotelini na kwenye maduka ya watalii. Lilikuwa boksi la gramu 250, lenye vifuko vinne: karafuu, iliki, mdalasini na pilipili manga. Ili lisifanane na maboksi mengine yaliyojaa sokoni, meneja masoko alipendekeza kila boksi liwekwe kadi moja ya picha ya kale. Mteja akinunua tena anapata nyingine, hadi atimize seti ya kadi sita. Jina la biashara, mji na vitu vingine vinavyoweza kuwatambulisha wahusika vimeondolewa.

Wazo lenyewe lina umri mkubwa. Tangu miaka ya 1870 kampuni ya Liebig, iliyokuwa ikipika dondoo (mchuzi mzito uliokolezwa) ya nyama ya ng'ombe huko Fray Bentos, Uruguay, iligawa kadi za rangi kwa wanunuzi wake wa Ulaya. Nyingi zilikuwa na ukubwa wa takriban sentimita 11 kwa 7, kwa kawaida sita katika seti, na picha ileile ilitolewa kwa Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na lugha nyingine. Stollwerck ya Köln iliweka kadi kwenye chokoleti na kuuza albamu za kuzibandika. Huko Roubaix, Ufaransa, Victor Vaissier aliuza "Sabuni ya Congo" kwa kadi zilizojaa Waafrika wa kubuniwa. Picha mara nyingi haikuhusiana na bidhaa. Nyama ya Uruguay ilitangazwa kwa ngamia wa Sahara, kwa sababu mtoto wa Hamburg au Lille aliyezikusanya alikuwa akiuziwa dunia nzima, na kopo la nyama likaingia nalo. Kwa watoto wengi wa Ulaya huo ndio uliokuwa mlango wa kwanza wa kuijua Afrika.

Meneja alinunua mtandaoni kadi sita za kampuni ya chokoleti ya Kijerumani, zote za mfululizo mmoja kuhusu Afrika Mashariki. Zilionyesha:

- bandari ya Unguja, majahazi na meli ya moshi;
- uchumaji wa karafuu;
- msafara wa watumwa ukikombolewa;
- askari wakifanya gwaride mbele ya ofisa wa Kijerumani;
- mtoto Mwafrika akila chokoleti, midomo na macho yamekuzwa kupita kiasi;
- Mjerumani kileleni Kilimanjaro akiwa na bendera.

Mambo yalivyokwenda

Mbuni wa vifungashio alipokea kadi zenyewe na kuziskani kwa nukta 600 kwa inchi, upande wa mbele tu. Kisha akakata pambizo, na humo ndimo lilimokuwa jina la kampuni ya chokoleti na namba ya mfululizo. Sababu yake ilikuwa ya kibiashara: boksi la viungo halitaki jina la mtu mwingine. Kuhusu hatimiliki aliuliza na kujibiwa vizuri. Mchoro usio na jina la mchoraji, uliochapwa zaidi ya karne iliyopita, kwa kawaida huwa huru hata kwa sheria ya Ujerumani, ambayo humlinda mchoraji kwa miaka 70 baada ya kifo chake. Kikwazo kilichobaki ni alama za biashara ambazo huenda bado zimesajiliwa, na kwa kukata pambizo aliona amekwepa hicho pia.

Kikao cha kwanza kiliondoa kadi moja, ile ya mtoto wa chokoleti. Hakuna aliyebishana. Tano zilipita kwa sababu "hazina ubaya", na mchapaji akapewa oda ya sampuli pamoja na maboksi 1,500 yaliyokuwa na picha ya uchumaji wa karafuu kwenye kifuniko.

Sampuli zilipofika ghalani, mama mmoja mtu mzima wa kitengo cha kuchambua karafuu alikichukua kifuniko akakisogeza mwangani.

"Mwanangu, huyu anachuma nini?"

"Karafuu, bibi. Ni picha ya zamani."

"Hii si karafuu. Hili ni ua limeshafunguka. Na mti gani huu, mtu kasimama chini anafika kileleni?"

Alikuwa sahihi kwa yote mawili. Karafuu huchumwa ikiwa bado tumba, kabla ua halijafunguka. Likishafunguka thamani yake imeshuka sana. Na mkarafuu uliokomaa hupita mita kumi, mchumaji hupanda au huvuta matawi kwa upembo. Mchoraji alikuwa amechora kitu kinachokaribia mtofaa wa Ulaya, akaupamba kwa maua mekundu.

Swali la mama huyo lilimfanya meneja asimamishe uchapaji. Siku hizohizo mnunuzi wa hoteli moja aliyetumiwa sampuli alijibu kwamba ile ya msafara wa watumwa hataipokea, bila kueleza zaidi. Hapo ndipo biashara ikamtafuta mtaalamu wa nyaraka za kale, akaombwa azipitie kadi zote pande mbili.

Kadi ilivyosomwa

Mtaalamu alianza na nyuma. Nyuma ya kadi ndimo kampuni ilimoandikia ilichotaka mtoto akariri, na hapa palikuwa na mistari kumi na minne ya herufi za Fraktur, zile za Kijerumani cha zamani zenye ncha. Mbuni alikuwa amejaribu kuipiga picha kwa programu ya tafsiri ya simu, akapata upuuzi, akaacha. Sababu inajulikana: s ndefu ya Fraktur inafanana mno na f, kwa hiyo programu husoma maneno yasiyokuwapo. Dawa yake ni kuyaandika upya maneno kwa herufi za kawaida kwanza, neno kwa neno, ndipo yatafsiriwe. Kwa kadi moja ni kazi ya nusu saa kwa mtu anayejua alfabeti hiyo.

Chini ya maandishi kulikuwa na orodha ya medali ambazo kampuni ilishinda kwenye maonesho. Ya mwisho ilikuwa ya Chicago, 1893. Hivyo ndivyo kadi isiyo na tarehe inavyopewa umri: haiwezi kuwa imechapwa kabla ya medali ya mwisho iliyotajwa. Inaweza kuwa imechapwa baadaye, kwa hiyo mwaka huo ni sakafu tu.

Kisha kioo cha kukuzia, mara kumi. Kadi halisi ya chapa ya mawe ya rangi huonyesha nukta zilizotiwa kwa mkono, zisizolingana, kila rangi ikitoka kwenye jiwe lake. Nakala ya kisasa huonyesha nukta zilizopangwa safu kwa safu. Kadi zote sita zilikuwa halisi. Lakini kioo kilionyesha na jambo jingine kwenye ile ya karafuu. Uso wa Mzungu aliyesimama kando, mwenye kofia nyeupe ya jua, ulikuwa umejengwa kwa nukta ndogondogo za waridi, njano na kijivu, mpaka kivuli cha pua kikaonekana. Wachumaji saba walikuwa na rangi moja ya kahawia iliyopakwa bapa, na mstari mweupe mmoja wa mng'aro kwenye kila shavu, mahali palepale. Mchoraji alichora uso mmoja akaurudia mara saba. Kwa macho matupu huoni. Unaona tu kwamba wale watu "wanafanana".

Sasa yule Mzungu mwenyewe. Amenyoosha mkono, anaelekeza. Maandishi ya nyuma yanasema wenyeji kwa asili yao hawapendi kazi, ila wakisimamiwa vizuri mavuno huwa mema. Mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba hayakuwa ya Wazungu. Zao hilo lilienea wakati wa Sayyid Said katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, na wenye mashamba walikuwa zaidi Waarabu wa asili ya Omani pamoja na wenyeji wenye uwezo. Zanzibar haikuwahi kuwa koloni la Ujerumani. Tangu 1890 ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Na hao wanaosemwa hawapendi kazi, wengi wao walikuwa watumwa. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria Zanzibar Aprili 1897, na hata hapo mtumwa alilazimika kwenda mwenyewe kuomba uhuru wake, huku mwenye mali akilipwa fidia. Kama kadi ilichapwa kati ya 1893 na 1897, picha ya mavuno yenye tabasamu ni picha ya kazi ya watumwa. Kama ilichapwa baadaye kidogo, ni ya watu ambao jana yake walikuwa watumwa. Katika hali zote mbili aliyechora hakutaka mnunuzi wa chokoleti alijue hilo.

Kadi ya msafara ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu kwa mtazamo wa haraka inamsifu mkombozi. Mjerumani amepanda farasi, askari wake wanavunja minyororo ya shingo, na mtu mwenye kilemba ameanguka kifudifudi. Utumwa wa misafara ulikuwa wa kweli na wafanyabiashara wa pwani walishiriki, hilo halipunguzwi. Kinachopotosha ni mahali hadithi inapokatwa. Mwanzoni mwa 1889 bunge la Ujerumani lilitenga marki milioni mbili kwa vita ya pwani, kwa jina la kupambana na biashara ya watumwa. Ofisa wa Kijerumani Hermann von Wissmann alikuja na jeshi ambalo sehemu kubwa yake ilikuwa Wasudani waliosajiliwa Cairo, akawapiga watu wa pwani waliokuwa wamekataa kutawaliwa na kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, na kiongozi wao Abushiri bin Salim akanyongwa Pangani Desemba 1889. Utumwa wenyewe Wajerumani hawakuufuta. Amri yao ya 1904 iliwapa uhuru watoto watakaozaliwa baada ya mwisho wa 1905, si wazazi wao. Uliondolewa kabisa kisheria Tanganyika mwaka 1922, Wajerumani walipokuwa wameshaondoka. Na ile minyororo ya shingo inayovunjwa kwenye kadi inaonekana pia kwenye picha za kamera za enzi hiyohiyo, imefungwa kwa wafungwa wa maboma ya Kijerumani wakipelekwa kazini.

Ya askari haikuhitaji muda mrefu. Mistari imenyooka, vifungo vinang'aa, na hakuna kiboko kinachoonekana, ilhali utawala huo ulikumbukwa pwani kwa "hamsa ishirini", viboko 25 vya adhabu ya kawaida. Ya Kilimanjaro ina Mjerumani peke yake kileleni. Hans Meyer alifika huko Oktoba 1889 pamoja na Ludwig Purtscheller, na safari nzima ilibebwa na wapagazi na waongozaji ambao kadi haina nafasi yao hata chini ya mlima. Bandari ya Unguja ndiyo iliyokuwa na kosa dogo: meli ya moshi imechorwa kubwa kupita kiasi, majahazi yakawa madogo mno mbele yake.

Maamuzi na sababu zake

Palikuwa na mapendekezo matatu mezani. Meneja alitaka kuendelea, na maelezo mafupi yaongezwe nyuma. Mwenye biashara alitaka kadi zote zitupwe, hasara iwe hasara. Mtaalamu alipendekeza kila kadi iamuliwe kivyake kwa swali moja: je, mahali inapokwenda pana nafasi ya kusema kilichokatwa?

Kwa swali hilo, msafara na gwaride ziliondoka. Si kwa kuwa hazifai kuonekana. Ni vielelezo vizuri sana darasani au kwenye ukumbi wa makumbusho. Ila mtu anayefungua boksi la viungo kama zawadi ya harusi hatasoma aya tatu kuhusu Pangani na 1922, na bila aya hizo kadi inabaki kuwa tangazo, safari hii kwa niaba ya biashara ya hapahapa. Kilimanjaro iliondoka kwa sababu nyepesi zaidi: haina uhusiano na viungo. Mtoto wa chokoleti alikwisha kuondolewa.

Zilibaki bandari na karafuu. Ya bandari ilikubaliwa kwa maelezo ya mistari miwili. Ya karafuu ilibishaniwa kwa muda mrefu. Mwishowe ilibaki kwa hoja ya mama wa kuchambua, aliyeitwa kwenye kikao: waionyeshe, waeleze ilivyokosewa, kwa sababu wao ndio wanaojua karafuu. Ilitolewa kwenye kifuniko na kubaki kadi ya ndani tu. Maelezo ya nyuma yaliandikwa kwa Kiswahili na Kiingereza, maneno 110 kwa kila lugha. Yalitaja kosa la ua, yule Mzungu asiyekuwa mwenye shamba, na mwaka 1897.

Pambizo zilirudishwa, na jina la kampuni ya chokoleti likabaki lilivyo, na maneno "nakala ya tangazo la zamani" chini yake. Hili lilikuwa na uzito kuliko lilivyoonekana. Bila pambizo, mchoro uliotengenezwa Ujerumani kuuza chokoleti unageuka kuwa "picha ya kale ya Zanzibar", kana kwamba ni ushahidi wa mtu aliyekuwepo. Kuhusu alama ya biashara, walitafuta kwenye rejesta ya Ujerumani na kukuta jina hilo halitumiki kwa viungo.

Matokeo

Maboksi 1,500 ya kifuniko cha kwanza yaligeuzwa nje-ndani na kutumika kama vitenganishi vya katoni. Toleo jipya lilichelewa kwa zaidi ya mwezi na msimu wa watalii wa katikati ya mwaka ukapita nusu. Hoteli iliyolalamika ilichukua mzigo. Hoteli nyingine ilifanya kinyume: ikaomba hasa kadi ya askari, kwa kuwa ukumbi wake wa vinywaji umepambwa kwa mtindo wa "enzi za safari". Ilikataliwa, na oda yake ikapotea.

Halafu tatizo ambalo kikao hakikuliona. Maelezo ya nyuma hayakusomwa. Herufi zilikuwa za ukubwa wa pointi 6, na kadi iliwekwa kwenye mfuko wa plastiki mbele ikitazama juu. Wiki chache baadaye picha ya mbele peke yake ilikuwa ikizunguka mtandaoni, imepigwa na wateja, yenye maneno kama "Zanzibar ya zamani, maisha yalikuwa matamu". Kazi yote ya nyuma ilikuwa imeachwa mezani.

Uchambuzi

Kikao cha kwanza kilishindwa kwa sababu kilitafuta sura mbaya. Karibu kila mtu anaweza kumtambua mtoto wa chokoleti mwenye midomo iliyokuzwa. Ndiyo maana ni kadi isiyo na hatari kubwa leo, inajishtaki yenyewe. Kadi nzuri ndiyo inayopita mlangoni. Kwenye kadi nzuri dharau iko kwenye mpangilio: nani kasimama na nani kainama, nani ana uso wake mwenyewe, nani anaelekeza, na kazi inaonekana kuwa ya nani. Kwa picha yenye watu, zoezi linalofaa ni kuwahesabu waliopewa sura tofauti, kisha kuhesabu waliochorwa kwa kurudiwa. Ni dakika tano, na kikao chochote kinaweza kulifanya bila mtaalamu.

Kuskani mbele tu lilikuwa kosa la kiufundi lililozaa kosa la maudhui. Nyuma ya kadi ndimo kulikuwa na dalili ya tarehe, kusudi na uongo wenyewe kwa maandishi. Anayenunua kadi kwa matumizi yoyote ya umma aombe picha ya nyuma kabla ya kulipa. Wauzaji wengi huituma wakiombwa. Ikiwa kadi iliwahi kubandikwa kwenye albamu na nyuma imechunika, itafutwe nakala nyingine ya mfululizo uleule, kwa kuwa kadi hizi zilichapwa kwa wingi sana.

Kilichofanya kazi vizuri kuliko vyote ni ujuzi wa kazi. Mtaalamu wa nyaraka angefika kwenye ua lililofunguka, labda, baada ya kusoma vitabu. Mchambuaji aliliona kwa sekunde. Kosa la ua si dogo: linathibitisha kwamba mchoraji hakuwahi kuliona zao alilolichora, na mtu akishajua hilo huuliza mengine yote kwenye picha yametoka wapi. Ndiyo maana katika toleo la pili la kadi, lililotengenezwa baada ya hapo, sentensi ya kwanza ya maelezo inaanza na ua, kisha mwenye shamba, kisha utumwa. Msomaji anayekubali la kwanza huwa tayari kulisikia la tatu. Wangeanza na utumwa, wengi wangeiweka kadi chini.

Uamuzi wa kukataa oda ya hoteli ya pili unaweza kubishaniwa. Hoja dhidi yake ni kwamba hoteli itaipata kadi hiyo popote, nayo itaning'inizwa bila maelezo yoyote. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini biashara haikuulizwa kama kadi ipatikane duniani, iliulizwa kama iichape kwa jina lake.

Kuhusu maelezo yasiyosomwa, sheria ya vitendo ni kwamba mbele husafiri bila nyuma. Chochote ambacho lazima kifike kiwe kwenye uso wa picha. Toleo la pili lilipunguza picha hadi asilimia 70 ya kadi na kuacha ukanda mweupe kulia. Ndani ya ukanda kuna mistari mitatu myembamba inayotoka kwenye ua, kwenye kofia ya Mzungu na kwenye nyuso za wachumaji, kila mmoja na maneno yasiyozidi kumi na mawili kwa herufi za pointi 9. Anayepiga picha ya kadi anaipiga pamoja na mistari yake, na kuikata ni lazima aharibu mchoro. Kadi ni ya karatasi ya gramu 300, upande mmoja una mng'ao, upande wa maelezo marefu hauna, ili mtu aweze kuandikia.

Skani za kadi ya msafara na ya gwaride, pande zote mbili pamoja na tafsiri, walipewa walimu wa historia wa sekondari mbili za jirani. Walimu waliomba jambo moja tu: nyuma ya kadi ichapwe kwa ukubwa uleule wa mbele, na iwekwe kwenye ukurasa wa kwanza.